Mgonjwa wa Kansa Asiachwe Peke Yake na Hofu Yake

Hapana shaka katika kijiji chako yupo mtu aliyepata kuugua kansa, au ulikwisha kusikia habari za mtu kama huyo. Labda hukulisikia jina la ugonjwa wenyewe, maana kwetu watu hawapendi kulitamka. Husema, "Ana uvimbe," au, "Ana ule ugonjwa," kisha hutazama chini wakanyamaza. Leo nataka tuzungumze bila kutazama chini. Sitaeleza sana habari za dawa na upasuaji. Kazi hiyo ni ya madaktari. Nataka tuzungumze juu ya moyo wa mgonjwa, hofu yake na huzuni yake, na juu ya mioyo ya wale wanaomwuguza. Mara nyingi hao nao wameugua, ila hakuna awaulizaye hali.

Msidhani ni jambo la watu wachache. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakadiria kwamba katika Tanzania watu zaidi ya 40,000 hupata kansa kila mwaka. Kwa wanawake, kansa ya mlango wa kizazi ndiyo ya kwanza kwa wingi, ikifuatwa na ya matiti. Kwa wanaume ni ile ya tezi dume. Hata watoto wadogo hawakuachwa. Basi pigeni hesabu wenyewe. Kila mgonjwa ana mume au mke, ana watoto, ana mama, ana ndugu. Ni nyumba ngapi hizo zinazolala macho?

SAFARI YA KWENDA PWANI

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja katika kijiji cha Ulaya, nasema Ulaya yetu ya wilaya ya Kilosa, iliyo katika njia ya kwenda Mikumi, wala siyo ile ya ng'ambo. Mama huyo ametokwa na damu miezi mingi. Kwanza aliona haya kusema. Baadaye alikwenda zahanati, na zahanati wakampeleka hospitali ya wilaya pale Kilosa. Au kama ni mtu wa upande wa Mikumi, Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Huko wakamkata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa kupimwa, akaambiwa arudi baadaye kwa majibu. Majibu yakaja. Akapewa karatasi ya rufaa kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ile hospitali ya zamani ya Wajerumani inayotazama bahari.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shida yenyewe. Ni nani aliyeambiwa majibu? Mara nyingi si mgonjwa. Kaka yake aliitwa pembeni akaambiwa, naye akamwambia bwana wa dada yake. Bwana akamwambia mama mkwe. Jioni ile nyumba nzima ilijua, na hata majirani wawili watatu, isipokuwa yule mwenye mwili wake. Yeye aliambiwa, "Ni kidonda tu, dada. Wanakupeleka Dar kwa sababu huko mashine ni nzuri." Jamaa hawakufanya hivyo kwa ubaya. Walitaka kumkinga.

Akafunga mzigo wake. Siku hizi kusafiri kumekuwa rahisi kidogo, maana treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 yapita Kilosa, na mabasi ya barabara kuu yapita Mikumi mchana na usiku. Alipofika Ocean Road akaona ukutani pameandikwa, kwa herufi kubwa, neno saratani. Mama huyo anajua kusoma. Basi habari iliyofichwa na watu wote waliompenda aliambiwa na ubao wa ukutani, mbele ya watu asiowajua, na kaka yake yuko dirishani ananunua kadi.

Matibabu ya mionzi kwa kansa ya mlango wa kizazi huchukua muda. Kwa kawaida ni siku 5 kila juma, kwa majuma kama 5, yaani mara 25 hivi, na baada ya hapo huongezwa mionzi mingine ya ndani. Mama wa mfano wetu alimaliza majuma mawili. Usiku alikuwa halali, akawaza watoto, akawaza shamba la mpunga, akawaza kwamba kama walimdanganya jina la ugonjwa, basi wanamdanganya pia wanaposema atapona. Juma la tatu akamwambia kaka yake, "Nirudishe nikafie kwetu." Wakarudi.

Mfano huu nimeutunga mimi, lakini waulizeni wauguzi wo wote wa hospitali zetu kama ni mgeni kwao. Wagonjwa huacha matibabu kwa kukosa nauli, ni kweli, na kwa kukosa pa kulala mjini. Wako pia waachao kwa sababu ya hofu tu, hofu ambayo hawakupata mtu wa kumweleza. Wengine wa hao wangaliweza kupona, kwani kansa ya mlango wa kizazi ikikamatwa mapema yatibika.

JE, TUMWAMBIE?

Najua utasema, "Mwandishi, nikimwambia mama yangu kwamba ana kansa, atakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa kumwua." Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na silidharau. Lakini fikiri jambo moja: mgonjwa si mtoto mchanga. Mwili ni wake, na mwili humwambia. Aona watoto wake wanaacha kucheka akiingia. Aona mume, ambaye zamani hakujua hata sufuria ya ugali iko wapi, sasa ampikia uji. Aona dada zake waliotoka Gairo na Kimamba wote siku moja, na hakuna harusi. Ajua. Asilolijua ni kama anaruhusiwa kuuliza. Na nyinyi mkinyamaza, mmemjibu kwamba haruhusiwi. Hapo huanza mchezo mbaya: yeye ajifanya hajui ili asiwaumize, nanyi mwajifanya hamjui ili msimwumize, kila mtu alia peke yake nyuma ya nyumba.

Basi namna ya kusema ni ipi? Haifai kumwangushia habari kama gogo. Mwombe daktari amwambie mgonjwa mwenyewe, na mtu mmoja anayempenda akae karibu yake. Mkiwa nyumbani, anza kwa kuuliza: "Mama, wewe umeelewa nini katika maneno ya daktari?" Kisha nyamaza usikilize. Pengine atakuambia yote, nawe utaona kwamba ulikuwa ukificha mlango uliokwisha kufunguliwa. Pengine atasema, "Sitaki kusikia leo." Mwache, uliza tena siku nyingine. Akiuliza, "Je, nitakufa?" usikimbilie kusema, "Usiseme maneno hayo!" Maneno hayo humfunga kinywa. Mwulize, "Ni nini kinachokuogopesha zaidi?" Mara nyingi utashangaa. Wengi hawaogopi kufa kama wanavyoogopa maumivu, au kuachwa peke yao, au mtoto wa mwisho atasomeshwa na nani. Na mambo hayo matatu yote yana la kufanya.

Usimwahidi yasiyo katika uwezo wako. Kumwambia, "Utapona kabisa, nimeota," si kumtia moyo. Afadhali umwambie, "Sijui mambo yatakwendaje, lakini kesho nitakuwa hapa." Kisha kesho uwepo.

MANENO YAUMIZAYO KULIKO UVIMBE

Katika Biblia twasoma juu ya rafiki zake Ayubu. Walipomkuta katika majivu walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana, wala hapana hata mmoja aliyesema neno. Kwa siku zile 7 walikuwa wageni wazuri mno. Walipofungua vinywa, wakaanza kumtafutia kosa alilotenda hata akapatwa na mabaya, ndipo walipoharibu. Sisi nasi wageni wengi tuko kama wao, na wengine hawangoji hata siku 7.

Neno la kwanza lisemwalo ni kwamba mgonjwa amerogwa. Hapo fedha ya nauli ya kwenda Dar huenda kwa mganga, mbuzi huuzwa, na shangazi mmoja mzee hutazamwa kwa jicho baya mpaka kaburini. Kansa ni ugonjwa wa mwili wenyewe: chembe za mwili zaacha utaratibu wake, zazaana pasipo kiasi, zakula mahali pa wenzake. Huwapata matajiri na maskini, wazungu na waafrika, mapadre na wasio na dini.

Neno la pili ni baya zaidi, na huwapata akina mama. Watu wamesikia kwamba kansa ya mlango wa kizazi hutokana na kirusi kinachoenea kwa kukutana mume na mke. Hayo ni kweli. Kirusi hicho wataalamu hukiita HPV. Basi mume akisikia nusu hiyo tu, huanza kumwuliza mkewe, "Umekipata wapi?" Mimi nataka asikie nusu ya pili pia. Kirusi hiki kimeenea mno, hata karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mume au mke hukipata wakati fulani wa maisha yake, na kwa wengi mwili hukishinda wenyewe, wala hawajui. Kwa wachache hubaki kimya, na kansa yaweza kuchukua miaka 15 au 20 kutokea. Hakuna mtu duniani, wala daktari wala mzee wa kijiji, awezaye kusema kilitoka kwa nani. Mume anayemshitaki mkewe katika kitanda cha hospitali amemwongezea ugonjwa wa pili. Wenye binti, sikieni hapa kidogo: chanjo ya kirusi hicho imetolewa nchini kote kwa wasichana tangu mwaka 2018. Msiwazuie.

Neno la tatu ni hofu ya kuambukizwa. Mgonjwa hutengewa kikombe chake na sahani yake. Wajukuu hukatazwa kumpanda mapajani. Jamani, kansa haiambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kulala chumba kimoja, wala kwa kumwosha. Wengine huogopa mionzi, wakidhani mtu aliyetoka katika mashine atawaunguza. Mashine ya kupiga mionzi kutoka nje ya mwili haimwachii mgonjwa mionzi ndani yake. Akitoka pale aweza kumpakata mjukuu wake mara moja. Tena, wakati wa kupigwa haumi, kama vile mtu anavyopigwa picha ya kifua. Taabu, kama vile uchovu au ngozi kuwasha, huja baadaye. Na nywele zinyonyokazo kwa ajili ya dawa za dripu kwa kawaida huota tena. Mambo haya yaonekana madogo kwako wewe mzima. Kwa mgonjwa aliyelala macho usiku kucha ni makubwa, na mtu akimweleza mapema hupunguza nusu ya woga wake.

PADRE AKIINGIA MLANGONI

Kuna hofu nyingine ambayo ni yetu sisi Wakatoliki, nami sina budi kuisema. Wazee wetu waliuita Mpako wa Mwisho, na jina hilo likatuingia. Hata leo, padre akionekana na mafuta yake katika wodi, wagonjwa wengine hugeukia ukutani, na ndugu humwita tu wakati mgonjwa hawezi tena kusema. Lakini mwaka 1972 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, akifuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, alitengeneza upya ibada hiyo, nayo yaitwa Mpako wa Wagonjwa. Ni ya mgonjwa yeyote aliye katika ugonjwa mzito, hata anayekwenda kupasuliwa kesho, na yaweza kurudiwa. Basi mwite padre mapema, mgonjwa angali na nguvu za kuzungumza naye, kwani wako wagonjwa wenye mambo wasiyoweza kumweleza mume wala mwana. Na ni vema kumwuliza mgonjwa kwanza kama ataka, badala ya kumleta padre ghafula kama askari.

Nyinyi wa Jumuiya, mnapokwenda kusali nyumbani kwa mgonjwa, angalieni uso wake. Saa moja na nusu ya nyimbo si faraja kwa mtu mwenye maumivu. Dakika 10 zatosha, kisha mmoja wenu abaki amwoshee vyombo.

MYAHUDI ALIYEACHA FEDHA YA DIRISHA

Sasa nitawatoa kidogo nje ya nchi, halafu tutarudi Kilosa. Katika London, mwaka 1948, alikuwako mgonjwa mmoja aitwaye David Tasma. Alikuwa Myahudi aliyetoka Poland, mtumishi wa hoteli, hana mke wala ndugu karibu, na kansa ilikuwa ikimwua naye angali kijana. Akawa akitembelewa na mwanamke mmoja aliyekuwa amesomea uuguzi, na wakati huo alikuwa akifanya kazi ya ustawi wa wagonjwa hospitalini, jina lake Cicely Saunders. Wakazungumza siku nyingi. Alipokufa, Tasma alimwachia pauni 500, akitaka awe dirisha katika nyumba ambayo mama huyo angejenga siku moja kwa watu kama yeye.

Bibi Saunders alirudi shuleni akawa daktari, na mwaka 1967 akafungua nyumba hiyo, Hospitali ya Mtakatifu Christopher. Alichofundisha ulimwengu ni hiki: kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya namna nyingi kwa pamoja. Mwili waumia, moyo nao waumia kwa hofu na huzuni, nyumba yaumia kwa fedha na ugomvi, na roho yaumia ikiuliza, "Kwa nini mimi?" Ukiyatibu ya mwili peke yake, mengine humrudishia mtu maumivu yale yale. Nasi twaweza kuliona kwa macho yetu. Mgonjwa aliyegombana na mwanawe hupiga kelele za maumivu usiku. Mwana akija wakapatana, kidonge kile kile kilichoshindwa jana leo chamlaza.

Mafundisho hayo yalifika Afrika Mashariki. Katika Uganda, mwaka 1993, Daktari Anne Merriman, ambaye zamani alikuwa mtawa mmisionari, alianzisha Hospice Africa Uganda, akawa akitengeneza dawa ya maumivu ya maji, iitwayo mofini, kwa bei ambayo hata mtu maskini aiweza. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Selian huko Arusha ilianza huduma ya namna hii mwaka 1999, na Ocean Road nao wanayo. Kwa Kiswahili yaitwa tiba shufaa. Shikeni jina hilo, maana mkiwa hospitalini mnaweza kuuliza: "Je, hapa kuna mhudumu wa tiba shufaa?" Ni haki yenu kuuliza. Tena si kwa wale wanaokaribia kufa tu. Yafaa ianze siku ile ile ya kuambiwa ugonjwa, iende pamoja na mionzi na dawa nyingine.

Juu ya mofini, watu huiogopa kwa sababu mbili: wadhani italevya, na wadhani ikitolewa maana yake ni mwisho. Ikitolewa na daktari kwa maumivu ya kansa, kwa kipimo chake na kwa saa zake, kwa kawaida haimfanyi mgonjwa kuwa mlevi wa dawa. Ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha. Ifungieni mbali na watoto. Mtu aliyelala usiku mmoja mzima bila maumivu huamka akiwa mtu mwingine. Ataka kuoga, ataka kujua kama mahindi yamepaliliwa.

MWENYE KUUGUZA NAYE NI MTU

Katika nyumba nyingi anayeuguza ni mtu mmoja, na mara nyingi ni binti. Ametolewa shuleni au ameacha mgahawa wake pale stendi ya Mikumi. Alala chini kando ya kitanda. Ageuza, aosha, apika, afua, na usiku akiitwa mara 6 aamka mara 6. Wageni wakija humwuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Hakuna amwulizaye, "Na wewe, binti, ulilala?" Halafu siku moja amkaripia mama yake mgonjwa, kisha alia akidhani yeye ni mwovu. Wala si mwovu, amechoka. Na liko wazo jingine lisilosemwa kabisa, ambalo huwajia karibu wote wauguzao muda mrefu: "Heri angepumzika." Wazo hilo likimjia, asidhani amemwombea mama yake kifo. Ni mchoko na ni huruma vimechanganyika, na akimweleza mtu mzima mwenye busara atapata nafuu.

Basi ndugu pangeni zamu. Mjomba anayefika na maneno mengi na kurudi jioni, alale usiku mmoja. Kaka aliye Morogoro asiyeweza kuja alete fedha ya sabuni na mkaa. Wanaume pia waweza kuosha mgonjwa, mikono haikatazwi. Binti apate siku moja katika juma ya kwenda kusuka nywele, hata kama mgonjwa hali yake si nzuri. Na wakati mko Dar, tafuteni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, mkaeleze hali ya fedha yenu, msingoje mpaka mmekwisha kukopa kila mahali.

Watoto wadogo nao. Twadhani hawajui, twawafukuza wakacheze. Mtoto wa miaka 7 asiyeambiwa kitu hujitungia mwenyewe, na mara nyingi hujitungia kwamba mama ameugua kwa sababu yeye alikuwa mkaidi. Mwambieni kwa maneno mafupi: "Mama ana ugonjwa mkubwa uitwao kansa. Madaktari wanamtibu. Si kosa lako. Nani atakupikia mama akiwa Dar? Bibi." Kwa mtoto, hilo la kupikiwa si dogo hata kidogo. Na mgonjwa akiwa ni mtoto mwenyewe, mjue kwamba kule Muhimbili iko wodi ya watoto wenye kansa, ambako shirika liitwalo Tumaini la Maisha limesaidia watoto watibiwe bila malipo, wacheze na wasome, mzazi wao akiwa pamoja nao.

HUZUNI IKIWA UGONJWA

Kulia si ugonjwa. Mtu aliyeambiwa ana kansa asipolia kabisa mimi ningestaajabu. Lakini iko huzuni inayopita kiasi, iitwayo sonona, nayo yatibika kama malaria inavyotibika. Tazama kama kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, mgonjwa au mwenye kumwuguza hana furaha ya kitu chochote, hata kile alichokipenda. Halali au alala mchana kutwa. Hali, hataki watu, ajilaumu kwa kila jambo, asema yeye ni mzigo. Usiseme, "Jikaze." Mpeleke. Anzia zahanati, uwaambie waziwazi kwamba ni habari ya moyo na mawazo, si homa. Hospitali ya wilaya itawaelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Msione aibu. Mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Kilimanjaro, ndio uliochaguliwa kwanza katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na nchi ya Denmark, kujaribu mpango wa taifa wa kuiingiza huduma ya akili katika zahanati za kawaida. Kwa hiyo si jambo geni kwetu.

Akisema afadhali afe, au aanza kugawa vitu vyake na kuaga, mwulize bila kuzunguka: "Je, unawaza kujiua?" Watu huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo. Halimpi, humpa nafasi ya kusema. Kisha usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa za mashamba na za panya, na umpeleke hospitali siku ile ile.

BAADA YA MATANGA

Wengine watapona, na tuseme hivyo kwa sauti, maana wako akina mama wanaolima leo, ambao walipigwa mionzi miaka iliyopita. Hao nao wana hofu yao: kila maumivu ya mgongo huwatisha kwamba ugonjwa umerudi. Wasichekwe. Waende kliniki kwa tarehe waliyopewa, na mtu awasindikize, kwa sababu usiku wa kuamkia kliniki ndio mrefu kuliko zote.

Wengine watakufa. Kwetu sisi msiba hatuulaumu; watu hujaa, ugali hupikwa, mwenye nyumba halali peke yake. Kisha matanga huanuliwa, na kila mtu hurudi kwake. Miezi miwili mitatu baadaye, mume aliyefiwa huonekana amekaa barazani hana la kufanya, kwa sababu mwaka mzima kazi yake ilikuwa kuuguza, na sasa hata saa ya dawa ikifika mkono wake wataka kuinuka. Watu humpita wakiogopa kumkumbusha. Hawatamkumbusha, hajasahau. Siku kama hiyo ndiyo ya kwenda kwake. Chukua muhogo au samaki kidogo, keti, mtaje marehemu kwa jina lake, uulize walionana wapi mara ya kwanza, naye atakuambia ilikuwa Kilosa, mwaka gani, na siku hiyo mama huyo alivaa kanga gani.